Mtoto Akitengeneza Lori ya Waaskari

Mtoto akitengeneza lori ya waaskari kwa makopo na waya, tusimnyang'anye haraka. Kazi hiyo ina masomo.

Kwanza hesabu. Kwa magari ya jeshi ya mfano, kampuni Tamiya ya Japani ilieneza kipimo cha 1/35: kila sentimeta 35 za kweli zinakuwa sentimeta 1. Lori ya mita 7 inakuwa ya sentimeta 20. Askari wa sentimeta 175 anakuwa wa sentimeta 5. Tumpe rula, apime mwenyewe.

Kiisha rangi. Lori ya kazi haing'ai. Majivu yanakuwa vumbi, udongo mwekundu unashika magurudumu, masizi yanapaka bomba la moshi. Makali ya kopo tuyakunje kwa nyundo kabla hayajamkata.

Mwisho, watu wa udongo. Hapo tuketi karibu, tuulize polepole: "Huyu ni nani? Wanaenda wapi?" Mtoto aliyeona vita mara nyingi husema kwa mikono yale ambayo kinywa kimekataa. Tusimlazimishe wala tusimcheke. Akinyamaza, tungoje. Akisema, tumsikilize mpaka mwisho. Na siku akiondoa bunduki na kupakia magunia ya mihogo, tumsaidie kuyashona.