Ukikosa siku moja, andika

Sema ukweli: ile ahadi yako ya kuamka saa kumi na moja iliishia wapi? Alamu ililia, ukaizima, ukarudi kulala. Hauko peke yako.

Sasa toka Eldoret, panda matatu hadi Kaptagat, penye kambi alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge kwa miaka mingi. Huyu aliyekimbia kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40 alisafisha choo cha kambi zamu yake ilipofika. Na kila zoezi aliliandika daftarini, liwe zuri au bovu.

Sisi tukikosa siku moja tu, basi, tumeacha. Nunua daftari leo. Kesho ukilala, andika “nimelala”, keshokutwa uendelee.