Unasubiri majina ya chuo? Angalia kwanza ulijaza namba ya nani

Agosti ikiingia Elerai, baridi ya Meru bado haijakata na simu haziwekwi mbali. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anafungua akaunti yake ya maombi asubuhi, anafungua mchana, anafungua tena usiku bando likiwa linakata roho. Kila mara anakuta kitu kile kile: maombi yamepokelewa. Mama anauliza kama majina yametoka. Jirani naye anauliza, tena mbele za watu.

Kinachowasumbua wengi ni kama watachaguliwa au la. Lakini kuna wanaochaguliwa kabisa, halafu nafasi inakaribia kuwaponyoka, na sababu haina uhusiano wowote na matokeo yao. Ni laini ya simu.

Ilianzaje? Kuanzia mwaka 2010 waombaji wa shahada walipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Unaorodhesha kozi unazotaka, mfumo unakupangia nafasi moja, basi. Kenya hadi leo wana kitu kinachofanana na hicho kupitia KUCCPS. Kwa Tanzania, utaratibu huo uliachwa kuanzia mwaka wa masomo 2017/18, na mwombaji akaruhusiwa kuomba moja kwa moja kwenye chuo anachotaka, vyuo vingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Ada ya maombi mara nyingi ni sh 10,000 kwa chuo, hivyo anayeomba vyuo vinne ameshatoa 40,000 kabla hata hajajua lolote.

Uhuru huo umeleta jambo jipya. Mtu mmoja mwenye ufaulu mzuri anaweza kuchaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, Makumira na Chuo cha Uhasibu Arusha kwa wakati mmoja. Anashikilia viti vitatu na atakalia kimoja. Viti viwili vilivyobaki kuna watu wanavisubiri.

Ndiyo maana majibu hayatoki siku mbili tatu baada ya dirisha kufungwa. Chuo kinaangalia kwanza kama mwombaji ana sifa. Kwa wanaotoka kidato cha sita kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye pointi 4 kwa pamoja, yaani hata D mbili zinafika, kwa sababu A ni pointi 5 na D ni 2. Ila hicho ni kizingiti cha kuomba tu. Kozi kama udaktari zina masharti yake makali zaidi, na pale ambapo waombaji wenye sifa ni wengi kuliko viti, wanapangwa kwa ufaulu. Baada ya hapo chuo kinapeleka majina TCU, yanahakikiwa, na ndipo inaonekana nani kachaguliwa zaidi ya sehemu moja. Kwa miaka ya karibuni dirisha la awamu ya kwanza limekuwa likifunguliwa katikati ya Julai, matokeo ya mtihani yakishatoka, na majina kutangazwa kuelekea Septemba. Tarehe zinabadilika kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana aliyokutumia mtu WhatsApp haikusaidii.

Namba ya siri

Majina yakitoka, aliyechaguliwa chuo kimoja tu hana cha kuthibitisha, anasubiri maelekezo ya chuo. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja anatumiwa namba maalumu ya siri. Anaingia kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, anaiweka, amethibitisha. Wenyewe wanasema "kukonfemu". Muda wa kufanya hivyo una mwisho wake.

Namba hiyo inakwenda kwenye simu au barua pepe iliyojazwa wakati wa kuomba. Na hapa ndipo shida ilipo. Maombi mengi yanafanyikia steshenari. Kijana hana barua pepe, aliyeko kwenye kompyuta ana foleni, anamfungulia moja ya haraka haraka na nywila anaikumbuka yeye peke yake. Au namba iliyojazwa ni ya kaka aliyeko machimboni Mirerani. Wengine waliomba wakiwa na laini ambayo sasa imefungwa. Siku namba ya siri inatumwa, inalia kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Ikitokea hivyo, nafasi bado haijapotea. Mwombaji anaweza kuingia kwenye akaunti yake ya chuo na kuomba atumiwe namba upya. Kama simu iliyosajiliwa haipatikani kabisa, pa kwenda ni ofisi ya udahili ya chuo husika, akiwa na namba yake ya mtihani. Kwa mtu wa Elerai, kama chuo ni Makumira au kile cha Uhasibu kule Njiro, hiyo ni nauli ya daladala. Kama ni Dodoma, ni siku nzima kwenye basi, hivyo kupiga simu mapema ni nafuu zaidi. Ambacho hakifai ni kumpa namba ya siri mtu anayedai "ana mtu wake chuoni". Namba hiyo inafanya kazi mikononi mwa yeyote aliyenayo.

Kuchelewa kuna mkia mwingine. Bodi ya Mikopo (HESLB) ina maombi yake tofauti na dirisha lake tofauti, lakini mkopo hupangwa kwa mwanafunzi mwenye chuo. Ambaye udahili wake haujakaa sawa hawezi kupangiwa, hata kama vyeti vyake vimehakikiwa na fomu zote zipo. Kwa familia inayotegemea mkopo, chuo bila mkopo ni karatasi tu.

Na yule ambaye jina halijatoka kabisa? Dirisha la awamu ya pili hufunguliwa baada ya majina ya kwanza, na kuna miaka inafika ya tatu. Viti vinavyoachwa na waliochaguliwa vyuo vitatu ni sehemu ya vinavyogombaniwa hapo. Kurudia kozi ile ile iliyojaa, kwenye chuo kile kile, kwa pointi zile zile, ni kutoa elfu kumi nyingine bure. Mwongozo wa udahili wa TCU unaonyesha kila kozi inataka nini na ina nafasi ngapi, na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Unasomeka hata kwenye simu, ukivumilia kuukuza kwa vidole.