Kuchagua Feni ya Banda la Uyoga

Mkulima wa uyoga aina ya mamama aonapo mifuko yake ikitoa vikonyo virefu vyenye vichwa vidogo, aghalabu hudhani kwamba ameuziwa mbegu mbovu. Huenda mbegu haina kosa. Uyoga hupumua: hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa pamoja na joto. Hewa hiyo ikirundikana chumbani, kikonyo hurefuka na kichwa hudumaa. Joto nalo likizidi sana nyuzi 30, mavuno hupungua. Ndipo feni inapohitajika, na ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa wanunuzi hutazama ukubwa wa mapanga badala ya kiasi cha hewa.

Feni ya mezani au ya darini haifai kwa kazi hii. Huzungusha hewa ileile iliyochoka na kuukausha uyoga, ambao huhitaji unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Inayotakiwa ni feni ya ukutani inayovuta hewa ya ndani na kuitupa nje.

Hesabu huanzia kwenye chumba. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Hewa yake ikibadilishwa mara 6 kwa saa wakati uyoga unapochomoza, zitahitajika mita za ujazo 180 kwa saa. Wavu wa kuzuia wadudu hupunguza nguvu ya feni. Kwa hiyo ni afadhali kununua yenye uwezo wa 250 hivi. Maboksi mengine huandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. CFM 1 ni takribani mita za ujazo 1.7 kwa saa. Feni isiyoandikwa kipimo chochote iachwe dukani.

Hata hivyo, feni haitengenezi baridi. Nje kukiwa na nyuzi 33, feni peke yake haiwezi kukishusha chumba chini ya hapo, iwe kubwa namna gani. Kwa sababu hiyo matundu ya kuingizia hewa huwekwa chini, upande wenye kivuli, na feni juu ya ukuta unaoelekeana nao, maana hewa ya moto hupanda. Eneo la matundu lisipungue lile la feni. Likiwa mara mbili ni bora zaidi. Gunia lililoloweshwa likitundikwa kwenye matundu hupoza hewa palipo pakavu, lakini msimu wa mvua msaada wake ni mdogo. Dari chini ya bati mara nyingi hufaa kuliko feni ya pili, nayo haili umeme.

Feni ya wati 40 ikiwaka saa 24 hutumia karibu uniti 1 kwa siku. Usiku, hewa ya nje inapopoa, iachwe iwake mfululizo. Mchana wa jua kali iwashwe kwa vipindi vifupi vya kutoa hewa ya ukaa tu.

Kwa kuwa chumba ni cha majimaji, ichaguliwe yenye alama ya IP44 au zaidi, na ifungwe na fundi umeme mwenye leseni. Isielekezwe kwenye dirisha la nyumba ya kuishi: vumbi la uyoga uliokomaa huwasumbua wenye pumu. Kabla ya kutoboa ukuta, mkulima anaweza kumwomba afisa ugani wa kata afike kulikagua banda.