Baiskeli Kuukuu kwa Bei ya Mpya

Jambo hili si geni katika vijiji vyetu vya Nyakakika. Mtumishi amepata uhamisho, au mzee ahamia kwa mwanawe. Vyombo vyatolewa uani: vitanda, masufuria, redio, na ukutani imeegemezwa baiskeli. Habari yaenea upesi, na kabla ya jua kupanda uani pamejaa watu. Siku ya gulio ni vile vile: baiskeli kuukuu zimepangwa safu, zimefutwa kwa mafuta hata zang'aa.

Baba mmoja wa familia alisimama mbele ya baiskeli ya namna hiyo.

"Bei gani, waitu?"

"Laki mbili na ishirini, tata."

"Mbona yakaribia ya dukani?"

"Hiki ni chuma cha zamani. Siku hizi hawatengenezi tena hivi. Na yule pale ameahidi kurudi na fedha saa nane."

Yule baba alimtazama mtu aliyeonyeshwa, na moyo ukamwenda mbio. Mkungu wa ndizi hadi gulioni, gunia la kahawa, mgonjwa wa kupelekwa zahanati: yote hayo aliyawaza. Fedha hazikumtosha. Akaenda kwa mlanguzi, akauza kahawa yake ingali maua, yaani akafanya butura. Saa nane haijafika, amekwisha lipa.

Haukupita mwezi, fremu ikakatika karibu na shingo, akiwa katikati ya mlima na mzigo nyuma. Kumbe, chini ya rangi mpya palikuwa na kovu la kuchomelewa! Mavuno yalipofika, kahawa ilichumwa ikaenda kwa mwingine, na sare na madaftari ya watoto yakakosa fedha. Mkewe hakumlaumu. Alijitwika ndizi kichwani kama zamani.

Hatusimulii haya ili kumcheka. Wengi wetu tungefanya kama yeye. Mwenye shida huona chombo, haoni kasoro zake. Mwenye kuuza aijua shida hiyo, naye huipandishia bei. Basi dawa ni nini? Ni kujua kuhesabu kabla ya kuupeleka mkono mfukoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Bei hizi ni za mfano tu, nawe uulize za kwenu. Tuseme mpya dukani ni shilingi 300,000, na kuukuu iliyo nzima kabisa yastahili 200,000. Hii unayoitazama yataka tairi mbili na mipira yake, 50,000. Mnyororo na gurudumu la meno, 30,000. Ekseli ya pedali na golori, 15,000. Na ujira wa fundi, 10,000. Jumla ni 105,000. Ondoa hizo katika 200,000, zabaki 95,000. Hiyo ndiyo bei ya haki. Ukilipa 220,000 kisha ukaitengeneza, umetumia 325,000. Ungenunua mpya, na chenji ikabaki!

Kasoro utazijuaje? Mpate fundi, umlipe kidogo aende nawe. Ukimkosa, fanya hivi. Inua gurudumu ulizungushe: likiyumbayumba, rimu imepinda au spoku zimelegea. Shika mkono wa pedali uusukume kulia na kushoto: ukicheza, ekseli au golori zimekwisha. Vuta mnyororo pale mbele ya gurudumu la meno: ukiachana sana na meno, umerefuka kwa uchakavu. Meno yaliyochongoka kama ya msumeno nayo yamekwisha. Mwisho, chunguza fremu shingoni na chini ya kiti. Rangi mpya mahali pamoja tu ni alama ya kuulizia.

Soma pia nambari iliyo ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi za kubebea mizigo, kama Phoenix ya China, huchukua tairi za inchi 28. Lakini baiskeli kuukuu zitokazo Japani mara nyingi ni za inchi 26 au 27. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mijini kwenda dukani na stesheni, si kupandisha magunia vilima vya Karagwe. Uliza kwanza kama maduka ya Kayanga au Omurushaka yana tairi za kipimo hicho.

Tena, usinunue bila hati. Baiskeli huwa na nambari iliyogongwa katika chuma, mara nyingi chini ya kiti au chini ya ekseli ya pedali. Iandikwe katika hati pamoja na majina yenu, bei na tarehe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi. Nambari iliyokwanguliwa ni ya kuogopa. Kupokea mali ya wizi hali ukijua ni kosa la jinai. Na hata usipojua, mwenyewe akitokea, waweza kukosa baiskeli na fedha pamoja.

Na wewe muuzaji, ndugu yetu, usikunje karatasi hii bado. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliandika habari ya kuuza katika kitabu chake Summa Theologiae. Alitoa mfano wa farasi mwenye jicho moja. Kilema hicho kila mtu akiona, basi muuzaji si lazima akitangaze, mradi ashushe bei kwa haki. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, hana budi kumwambia. Tairi lililokwisha ni jicho la farasi: laonekana. Fremu iliyochomelewa na kupakwa rangi haionekani. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2409, nayo yafundisha kwamba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako ni kinyume cha amri ya saba. Kupata faida si dhambi. Kuficha kovu la chuma, mtu akapanda nalo mlimani, ni jambo jingine.

Mwisho, kahawa. Butura imekatazwa tangu zamani, nasi twajua sababu. Baiskeli iliyonunuliwa kwa maua ya kahawa ni ghali hata ikiwa nzima, maana umeilipa kwa mavuno ya jasho la nyumba nzima. Kwa hiyo ongea na mama wa nyumbani kwanza. Naye muuzaji akikuambia kwamba mwingine arudi saa nane, mjibu kwa upole: "Mpe huyo, waitu." Haraka haina baraka. Mara nyingi saa kumi utaikuta baiskeli ile ile ingali pale ukutani, na bei imeshuka.