Kukoroma kwa Bulldog Si Madaha

Bulldog akikoroma kochini, wenyewe hucheka na kumpiga picha. Hakuna la kuchekesha hapo. Mnyama yule anatafuta hewa.

Binadamu alilifupisha fuvu la mbwa huyu kwa kuchagua wazazi, kizazi hadi kizazi, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi hicho. Ni godoro la futi sita kwa sita limeshindiliwa kwenye kitanda cha futi tatu. Kaakaa laini huning'inia hadi kuziba mlango wa koo, na matundu ya pua hubaki nyufa tu. Basi mbwa huvuta hewa kwa nguvu, na nguvu hiyohiyo huzivuta nyama za zoloto ziingie njiani. Njia inazidi kuwa nyembamba, naye anazidi kuvuta. Ndiyo sababu wengi huzidiwa kadiri wanavyokua.

Tena pua ya mbwa si ya kunusia tu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, majimaji ya ulimini na ya ndani ya pua yakigeuka mvuke na kuondoka na joto. Pua ikikosa nafasi, joto hubaki mwilini. Kwa jua la mchana la Mombasa au Dar es Salaam, matembezi ambayo mbwa koko hayahisi yanaweza kumuua bulldog.

Mbwa wenye nyuso bapa hawakuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1745 mchoraji William Hogarth alijichora pamoja na pug wake, aina nyingine ya mbwa ambaye leo ana uso bapa, na pua ya mbwa yule imechomoza vizuri. Uingereza ilipopiga marufuku kupambanisha mbwa na fahali mwaka 1835, bulldog alipoteza kazi. Baadaye akapelekwa kwenye mashindano ya urembo, na waamuzi wakatuza nyuso bapa. Filamu ya BBC ya mwaka 2008 kuhusu madhara ya ufugaji huu iliwaaibisha wahusika wa mashindano hayo, na mwaka uliofuata Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa, ikarekebisha vigezo vya bulldog. Uholanzi sasa inapima urefu wa pua dhidi ya fuvu, na aliye chini ya kiwango hazalishwi. Soko halikujali: mwaka 2022 bulldog wa Kifaransa aliongoza kwa usajili Marekani, akimng'oa Labrador aliyeshika nafasi hiyo miaka 31.

Madhara mengine: macho yaliyotokeza hupata vidonda, meno 42 hubanana tayani, mikunjo ya ngozi hupata maambukizi, na majike wengi huzaa kwa upasuaji.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge wana kipimo rahisi: mbwa hukimbizwa polepole kwa dakika 3, kisha pumzi zake husikilizwa. Ukitaka kununua mtoto wa mbwa, omba wazazi wake wapimwe hivyo na daktari wa mifugo. Muuzaji akikataa, funga pochi yako. Kila anayelipia uso bapa ndiye anayeagiza mwingine azaliwe.