Poka ya Mtandaoni: Ajifunzaye na Aanze na Hesabu

Karata si mgeni wa jana katika nchi yetu. Majina ya shupaza, kopa, uru na pau yalitufikia kwa njia ya pwani kutoka kwa Wareno, na hata leo mcheza karata wa makamo huyataja bila kujiuliza yametoka wapi. Ni wachache wanaojua kwamba neno uru asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya dhahabu, ingawa alama iliyochorwa kwenye karata hizo ni ya umbo la almasi. Hivyo Shinyanga yenye almasi ya Mwadui na Geita yenye dhahabu yake zimekutana, bila kutarajia, katika karata moja.

Wavuvi wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wanaifahamu karata vizuri. Mwezi unapong'aa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi hupumzika, na wanaume hukaa kivulini wakicheza karata, drafti na bao hadi giza lirudi. Katika mchezo wa namna hiyo aliyeshindwa hutaniwa, kisha hurudi nyumbani na fedha yake mfukoni. Lakini kilichoingia visiwani na machimboni katika miaka ya karibuni ni kitu kingine. Ni mchezo wa karata uitwao poka, unaochezwa kwa simu ya mkononi, dhidi ya watu wasioonekana, kwa fedha inayotumwa kwa kubonyeza kidole.

Huenda msomaji akauliza: je, yafaa gazeti kumfundisha mwananchi kamari? Jibu letu ni kwamba safu hii haimwiti mtu yeyote mezani. Hata hivyo, kijana anayeambiwa tu kwamba mchezo ni mbaya, bila kuelezwa unavyofanya kazi, atakwenda kuelezwa na yule anayetaka fedha zake. Ni afadhali ayasikie mambo yenyewe hapa, bila chumvi.

Poka iliyoenea zaidi duniani ni ile ya Texas. Huchezwa kwa karata 52. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wazi huwekwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika karata hizo saba, kila mmoja huchagua tano zilizo bora. Madau huwekwa mara nne: baada ya kupokea karata za siri, na baada ya kila hatua ya karata za wazi. Zamu ya mchezaji ikifika na dau likiwa limekwisha wekwa, anayo mambo matatu ya kuchagua: kutupa karata zake na kuacha alichokwisha kuweka, kulifuata dau la mwenzake, au kulipandisha. Atakayebaki peke yake baada ya wengine wote kutupa, au mwenye karata bora mwishoni, huchukua kitita chote cha mezani.

Ubora wa karata hupangwa kwa uhaba wake. Mtu akigawiwa karata tano, kuna mikono 2,598,960 inayoweza kumwangukia. Zaidi ya nusu ya mikono hiyo haina hata jozi moja. Jozi moja hutokea mara 1,098,240, na jozi mbili mara 123,552. Karata tatu zenye thamani moja ni mikono 54,912. Mfululizo wa karata tano ni 10,200. Tano zenye alama moja bila mfululizo ni 5,108. Tatu pamoja na jozi ni 3,744. Na nne zenye thamani moja ni 624 tu. Juu ya zote hukaa mfululizo wenye alama moja. Ulio mkubwa kabisa, kuanzia kumi hadi ree, upo katika mikono 4, yaani mara moja katika 649,740. Picha ya mkono huo ndiyo inayopendwa katika matangazo. Mtu akigawiwa mikono mia moja kila siku ya Mungu, kwa wastani atausubiri zaidi ya miaka 17.

Baada ya hapo ndipo huja somo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ni somo la bei. Tuchukue mfano. Karata nne za wazi zimekwisha onekana, nawe unazo nne za alama ya uru, ukiingojea ya tano. Karata usizoziona ni 46, na kati ya hizo zinazokufaa ni 9. Kwa hiyo utafanikiwa chini kidogo ya mara moja katika mara tano. Ikiwa mezani pana shilingi 8,000 na unatakiwa kutoa 2,000 ili uendelee, biashara hiyo inakaribia kuwa sawa. Lakini ukitakiwa kutoa 4,000 kwa ajili ya kitita hicho hicho, umekwisha dhulumiwa na hesabu kabla karata haijafunuliwa, hata kama safari hiyo uru itatokea. Mchezaji stadi hutupa karata zake mara nyingi kuliko anavyozicheza. Kutupa ndiko msingi wa mchezo wote, na ndiko kunakomshinda mgeni.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo haihitaji shule ndefu kuielewa hesabu hii, kwani ndiyo kazi yake. Kabla ya kutia fedha zaidi katika duara, husaga kipande cha jiwe, akakiosha kwenye karai, akatazama kama dhahabu inaonekana. Anajua gharama ya magogo, ya pampu ya maji na ya chakula cha vijana wake. Mwenye duara anayeendelea kuchimba kwa sababu tu amekwisha poteza fedha nyingi humo huonekana na wenziwe kuwa mtu aliyepagawa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu huyo huyo mwenye busara mgodini, akiishika simu usiku, hufuata dau baada ya dau akisema atarudisha alichopoteza.

Lipo jambo la pili ambalo machimbo yanatufundisha. Anayepeleka mawe kwenye karasha hulipia kusagiwa, mawe yawe na dhahabu au yasiwe nayo, na mara nyingi marudio hubaki kwa mwenye karasha. Mwenye meza ya poka ya mtandaoni yuko katika nafasi hiyo. Yeye hachezi, hukata sehemu ndogo ya vitita, aghalabu isiyozidi asilimia 5. Ni kiasi ambacho mchezaji hakioni. Lakini tufanye hesabu. Watu sita wameketi mezani, kila mmoja na shilingi 10,000, jumla 60,000. Tuseme kitita cha wastani ni 2,000, na mwenye meza anakata 100 kwa kila mkono. Mikono 60 kwa saa, kwa kasi ya mtandao, si ya ajabu. Kwa hiyo shilingi 6,000 zinaondoka mezani kila saa. Baada ya saa kumi, kama hakuna aliyeongeza fedha, zile 60,000 zote zimehamia kwa mwenye meza, na watu sita waliokuwa wakishindana wameshindwa wote.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya mgodi na meza. Mchimbaji akipata dhahabu, nchi imepata kitu ambacho jana kilikuwa kimefukiwa ardhini. Karata haizalishi hata punje. Huhamisha tu jasho la mmoja kumpelekea mwingine, na njiani hulipunguza. Ili mchezaji apate faida ya kudumu, haitoshi awazidi wenzake kidogo. Sharti awazidi kiasi cha kufidia pia makato ya mwenye meza.

Wapo watakaotaja waliotajirika. Ni kweli kwamba mwaka 2003 mhasibu mmoja Mmarekani, Chris Moneymaker, alianza kwa mchezo wa mtandaoni wa dola 86, akafika kwenye mashindano makuu ya poka duniani na kushinda dola milioni 2.5. Habari hiyo ilivuta mamilioni ya watu kwenye mchezo huo, ambao ulianza kuchezwa mtandaoni kwa fedha halisi mwaka 1998. Lakini mashindano yale yalikuwa na watu 839. Jina la mshindi linajulikana dunia nzima. Wengi wa wale 838 waliobaki waliondoka mikono mitupu, na hakuna tangazo linalowataja.

Isitoshe, historia ya mtandao imeonyesha kwamba hata meza yenyewe yaweza kuwa na ila. Mwaka 2008 ilifichuka kwamba katika tovuti ya UltimateBet kulikuwa na watu wa ndani walioweza kuziona karata za siri za wapinzani wao. Mwezi Aprili 2011 Serikali ya Marekani ilizifungia tovuti tatu kubwa, na ikadhihirika kwamba mojawapo, Full Tilt Poker, haikuwa na fedha za kutosha kuwarudishia wateja amana zao. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014. Na mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitangaza programu ya kompyuta iitwayo Pluribus, iliyowashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Kwa hiyo anayecheza usiku wa manane hana hakika kama aliye mbele yake ni mtu au mashine. Wale wa karata tatu stendi ya mabasi angalau tunaziona sura zao.

Kwa upande wa sheria, michezo ya kubahatisha hapa Tanzania Bara husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sheria ipo; inayohitajika ni mikono ya kuitekeleza mahali ambapo mkaguzi hafiki kila siku. Afisa mtendaji wa kijiji cha uvuvi au cha machimbo yampasa ajue namna ya kuiuliza Bodi kama mwendeshaji fulani ana leseni. Afisa maendeleo ya jamii, anapozungumza na vikundi vya kuweka na kukopa, na ailete hesabu ya mwenye meza mbele ya watu, kwa namba, bila kuhubiri. Na mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kufundishia uwezekano asiende mbali, mradi aeleze pia nani hupata na nani hupoteza. Watumishi wa umma nao wajitazame. Mwenye kutunza fedha za kijiji hana nafasi ya kujaribu bahati kwa simu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani na wa machimboni tunasema haya. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa mwezi Juni 2025, na safari kati ya Mwanza na Geita ambayo ilitegemea kivuko sasa hupita juu ya maji. Kijana wa Ukerewe anayekwenda kutafuta kazi Geita huenda na kurudi kwa wepesi zaidi, na fedha yake vilevile. Siku ya mgao, kabla simu haijafunguliwa, na itengwe sehemu ya nyumbani, sehemu ya akiba na sehemu ya kazi ya kesho. Atakayeona ni lazima kucheza, na aandike daftarini kila shilingi iliyoingia na iliyotoka kwa mwezi mzima, kisha alisome mbele ya mkewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika meza ya poka hupotea hata yenye daftari; lakini mwenye daftari atakuwa wa kwanza kujua, naye ndiye mwenye nafasi ya kutupa karata na kuinuka angali na nauli ya kurudi kwao.