Mwenza wa karata mtandaoni alivyogundua tatizo kabla ya familia

Mzee mmoja wa miaka 71, mhandisi mstaafu, alikuja kliniki akiwa na binti yake. Baada ya kumpa shikamoo nilimuuliza kilichomleta. Akacheka, akasema: "Daktari, mwanangu, nimeletwa na mwenzangu wa karata. Anasema siku hizi kichwa changu hakiko sawa."

Nilidhani mwenza huyo ni jirani wa kibarazani. Kumbe ni mama wa miaka 68, mstaafu wa benki anayeishi Nairobi, ambaye mzee wangu hajawahi kuonana naye ana kwa ana. Kwa karibu miaka miwili wamekuwa wakicheza bridge kupitia intaneti, mara nne kwa wiki.

Binti alikiri kuwa nyumbani hawakushtuka. Mzee akisahau funguo au akirudia swali, walisema ni umri. Aliyeshtuka ni mtu aliye mbali, anayemjua kwa namna anavyocheza karata. Mzee ameniruhusu nieleze habari yake bila jina, kwa sababu ina funzo kwa familia nyingi zenye wazee.

Bridge ni mchezo gani?

Kama umewahi kucheza wahedi wastini, hutapotea. Bridge huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenza hukaa wakitazamana. Karata zote 52 hugawanywa, kila mmoja anapata 13. Kuna shupaza, kopa, uru na pau, na kuna turufu. Mwenye karata kubwa ndiye anayekula. Mchezo kwa sura yake ya sasa ulianza mwaka 1925, ulipopangwa upya na Harold Vanderbilt.

Tofauti kubwa ni kwamba kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mchezaji kwa zamu yake anaahidi raundi ngapi kati ya 13 upande wake utakula, na turufu itakuwa nini, au anapita. Ahadi ya 1 ni raundi 7, kwa kuwa 6 za kwanza hazihesabiwi. Mtu anaweza pia kuahidi kucheza bila turufu.

Mnada huo ndiyo njia kuu halali ya kuzungumza na mwenzako. Hakuna kukonyeza, na kwa wanaocheza mtandaoni hakuna kupigiana simu wala kutumiana ujumbe wa WhatsApp pembeni. Unamweleza mwenzako ulichonacho kwa kutumia ahadi zenyewe. Kwa hiyo lazima mkubaliane mapema kila ahadi ina maana gani, na makubaliano hayo ndiyo huitwa mfumo wa kunadi.

Wachezaji wengi huanza kwa kuhesabu nguvu ya karata zao: ree ni pointi 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2 na J pointi 1. Katika mfumo wa Kimarekani uitwao Standard American, kufungua kwa "moja bila turufu" ni kumwambia mwenzako una pointi 15 hadi 17. Katika mfumo wa Acol, uliopewa jina la mtaa mmoja wa London, wengi huitumia ahadi hiyohiyo kwa pointi 12 hadi 14. Ni neno moja lenye maana mbili, na wageni wawili wasiokubaliana mapema huumia pamoja.

Mzee alijifunza mchezo huu akiwa mwanafunzi Uingereza miaka ya 1970. Aliporudi Dar es Salaam alikuwa na wenzake watatu wa kucheza nao kila Jumamosi. Wawili wamefariki, mmoja alihamia kwa watoto wake nje ya nchi. Kisha mkewe naye akafariki. "Nilibaki na karata mkononi na meza tupu," aliniambia. Mjukuu wake ndiye aliyemfungulia akaunti katika Bridge Base Online, jukwaa ambalo watu wa nchi mbalimbali hukutana mezani saa yoyote.

Swali alilolisahau

Kuna ahadi moja ambayo karibu kila mchezaji wa bridge anaijua, inaitwa Stayman. Mwenzako akifungua "moja bila turufu", nawe ukajibu "pau mbili", husemi kwamba una pau. Unamuuliza: je, una kopa nne au shupaza nne? Naye lazima ajibu.

Jioni moja mzee alifungua moja bila turufu. Mwenzake akajibu pau mbili. Mzee akapita, akidhani mwenzake kweli ana pau nyingi. Mama wa Nairobi akabaki na ahadi ya pau, na mkononi alikuwa na pau mbili tu. Walicheka. Siku tatu baadaye ikatokea tena. Ilipotokea mara ya tatu ndani ya wiki moja, yule mama hakucheka. Alimwandikia baada ya mchezo: "Kaka, hili tumelifanya mamia ya mara. Naomba umwone daktari. Siyo kwa ajili ya mchezo."

Mzee aliniambia kwanza alikasirika, akakaa siku nne bila kuingia mtandaoni. Siku ya tano akamwomba binti yake amlete hospitali.

Tulichokikuta

Mchezaji wa bridge hushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja: ahadi za watu wanne, karata zilizokwishatoka na zilizobaki. Ndiyo maana kasoro ndogo ya kumbukumbu inaweza kuonekana mezani kabla ya kuonekana sebuleni, ambako siku za mstaafu hufanana.

Tulimfanyia kipimo cha kumbukumbu, tukapima shinikizo la damu, masikio na damu. Tulikuta mambo matatu.

La kwanza, vitamini B12 ilikuwa chini sana. Mzee ana kisukari na ametumia metformin kwa miaka 11. Dawa hii ni nzuri na inasaidia mamilioni ya watu, lakini ikitumika kwa muda mrefu inaweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 mwilini. Upungufu wake huleta ganzi miguuni, uchovu, upungufu wa damu na usahaulifu. Ganzi alikuwa nayo, ila yeye na familia waliihesabu kuwa ni kisukari tu.

La pili, usingizi. Kabla ya kumpata mwenza wa Nairobi alikuwa akicheza na bwana mmoja wa Toronto, na bado alikuwa akijiunga naye siku ambazo mama yule hayupo. Saa 1 jioni ya kule, miezi ya kiangazi chao, ni saa 8 usiku kwetu. Mzee alikuwa akilala alfajiri.

La tatu, masikio yake yalikuwa yamepungua uwezo. Alikuwa ameacha kwenda kwenye vikao kwa sababu hasikii vizuri, na hakumwambia mtu.

Tulimwanzishia sindano za B12, tukamshauri kuacha mchezo wa usiku wa manane, na akapatiwa kifaa cha kusaidia kusikia. Metformin hatukuisimamisha. Baada ya miezi minne kipimo cha kumbukumbu kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Sisemi kila mgonjwa hupata matokeo haya. Upungufu wa B12 ukichelewa kugunduliwa, madhara mengine hubaki.

Usahaulifu usiupe jina la uzee haraka

Ni kweli umri hupunguza kasi ya kukumbuka. Lakini mtu akianza kusahau jambo alilolifanya kwa miaka bila kufikiri, iwe kupika, kuhesabu chenji au kucheza karata, apimwe. Miongoni mwa sababu zinazotibika ni upungufu wa B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, kukosa usingizi, baadhi ya dawa za usingizi na za mzio, maambukizi kama kaswende na VVU, na damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka.

Kama unatumia metformin kwa miaka kadhaa, hasa ukiwa na ganzi au upungufu wa damu, muulize daktari wako kuhusu kipimo cha B12. Usiache dawa mwenyewe.

Je, karata huzuia ugonjwa wa kusahau?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wazee 469 wa New York wenye zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya mezani, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango kidogo zaidi. Lakini hilo halithibitishi kwamba karata ni kinga. Huenda wenye ubongo imara ndio walioweza kuendelea kucheza.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja visababishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, vikiwamo shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, kutofanya mazoezi na upweke. Walikadiria kuwa kama vyote vingeshughulikiwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mchezo unaomkutanisha mzee na watu unagusa upweke. Shinikizo la damu na kisukari bado vinahitaji dawa, lishe na mazoezi.

Ukicheza mtandaoni, zingatia haya

1. Tafuta mwenza wa saa zenu. Mtu wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam mnalala wakati mmoja. Zima skrini saa moja kabla ya kulala.

2. Kubalianeni mfumo kabla ya kuanza. Andikeni mambo machache: bila turufu ni pointi ngapi, je mnatumia Stayman. Ugomvi mwingi wa wenza hutokana na makubaliano ambayo hayakuwapo.

3. Anzeni na michezo michache, kama 8 au 12, kisha muone kama mnaelewana. Mwenza anayekutukana kila ukikosea anakupandishia shinikizo la damu bure. Mwache kwa heshima.

4. Simama kila baada ya nusu saa, utembee kidogo. Mwili unahitaji walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

5. Usimtumie fedha wala taarifa zako za benki mtu uliyemjua mezani, hata kama mmecheza mwaka mzima.

6. Ukishindwa kujizuia, ukaacha chakula, dawa, ibada au familia kwa sababu ya mchezo, tafuta msaada. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo ya kidijitali kuwa ni ugonjwa.

Kama hujui bridge, si lazima uanze leo. Bao, drafti, dhumna na wahedi wastini vina faida ileile: unakaa na mtu anayezijua tabia zako, anayeweza kukuambia umebadilika.

Mzee alipokuja mara ya mwisho nilimuuliza kama bado anacheza na mama wa Nairobi. Akasema ndiyo, jioni, kuanzia saa 12 hadi saa 2, na kila wanapoanza yule mama humuuliza kwanza kama amechoma sindano. Binti yake naye ameanza kujifunza mchezo, ingawa mzee anasema bado anachanganya pau na shupaza.

Wiki hii mpigie mzee wako simu. Usiishie kwenye "shikamoo, hujambo". Muulize siku hizi anacheza na nani, anazungumza na nani, na je, kuna jambo alilokuwa akilifanya vizuri ambalo sasa linamsumbua. Akikutajia, mlete apimwe.